Kompyuta ya Nyumbani Inapokosa Intaneti: Namna ya Kutambua Hitilafu Kabla ya Kumlipa Fundi

Utangulizi

Huduma ya intaneti imekuwa sehemu ya matumizi ya kila mwezi ya kaya nyingi, sawa na umeme na maji. Mwanafunzi huitumia kuomba udahili na mkopo wa masomo, mfanyabiashara huitumia kuwasilisha ritani za kodi, na mzazi huitumia kuzungumza na watoto walio mbali. Kwa sababu hiyo, siku kompyuta inapokataa kuunganishwa, hasara haiishii kwenye usumbufu. Muda wa mwisho wa kuwasilisha maombi hupita, na kifurushi kilicholipiwa huendelea kuhesabu siku zake ingawa hakitumiki.

Mgogoro unaotokana na tatizo hili mara nyingi huwa na sura moja. Mtoa huduma husema kwamba mtandao wake ni mzima na kasoro iko kwenye kompyuta. Fundi wa kompyuta husema kwamba kompyuta ni nzima na kasoro iko kwa mtoa huduma. Mtumiaji hubaki katikati, akilipa pande zote mbili, wala hana namna ya kujua nani anasema kweli.

Somo hili limeandaliwa ili kumtoa mtumiaji katika hali hiyo. Baada ya kulisoma, tunatarajia kwamba utaweza:

(a) kueleza njia ambayo intaneti hupita hadi kufika kwenye kompyuta yako;
(b) kubaini sehemu ya njia hiyo yenye hitilafu, bila vifaa maalumu;
(c) kurekebisha mwenyewe hitilafu zilizo ndani ya uwezo wako; na
(d) kutunza kumbukumbu zitakazokusaidia kudai huduma uliyoilipia.

1. Njia ya intaneti hadi mezani pako

Huwezi kutafuta hitilafu katika kitu usichojua kimeundwaje. Tuanze basi kwa kuigawa njia ya intaneti katika pingili nne.

Pingili ya kwanza ni kompyuta yenyewe, pamoja na programu na mipangilio yake. Pingili ya pili ni kiungo kati ya kompyuta na ruta, ambacho huwa ni kebo au mawimbi ya Wi-Fi. Pingili ya tatu ni ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo ambacho hupokea huduma kutoka nje na kuigawa kwa vifaa vya nyumbani. Pingili ya nne ni kila kilicho nje ya nyumba yako: waya wa faiba au mnara wa simu, mitambo ya mtoa huduma, mkongo wa taifa, mikongo ya baharini, na hatimaye kompyuta kubwa, yaani seva, inayohifadhi tovuti unayoitafuta.

Kanuni kuu ya somo hili inatokana na mgawanyo huo: kagua pingili moja baada ya nyingine, ukianzia iliyo karibu nawe, na badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtumiaji anayezima ruta, kubadilisha nenosiri na kufuta programu kwa mkupuo anaweza kubahatisha kuirejesha huduma, lakini hatajua kilichoirejesha. Tatizo likijirudia wiki ijayo, ataanza upya.

2. Maswali matatu ya kujiuliza kwanza

Kabla ya kugusa kifaa chochote, jibu maswali matatu yafuatayo. Majibu yake pekee huondoa zaidi ya nusu ya njia katika orodha ya watuhumiwa.

Swali la kwanza: je, vifaa vingine nyumbani vinapata intaneti kupitia ruta hiyohiyo? Chukua simu janja, zima data ya laini yake, iache kwenye Wi-Fi peke yake, kisha fungua tovuti ambayo hujaifungua siku za karibuni. Tunasisitiza kuzima data kwa sababu simu nyingi huhamia kwenye laini kimyakimya pale Wi-Fi inapokosa intaneti, na mtumiaji hudhani ruta ni nzima. Simu ikifanikiwa, pingili ya nne ni salama na ruta inafanya kazi. Tafuta tatizo kwenye kompyuta au kwenye kiungo chake. Simu ikishindwa pia, iache kompyuta na ugeukie ruta.

Swali la pili: je, tatizo ni la tovuti moja au ni la tovuti zote? Tovuti moja isipofunguka huku nyingine zikifunguka, huenda ni seva ya tovuti hiyo iliyozidiwa au iliyo katika matengenezo. Hali hii hutokea hasa siku za mwisho za kupokea maombi, watu wengi wanapoingia kwa wakati mmoja. Hapo hakuna la kurekebisha nyumbani. Jaribu tena usiku wa manane au alfajiri.

Swali la tatu: kumetokea nini tangu huduma ilipofanya kazi mara ya mwisho? Umeme ulikatika? Kulikuwa na radi? Kompyuta ilisasishwa? Fanicha ilihamishwa, au nenosiri la Wi-Fi lilibadilishwa? Hitilafu nyingi huzaliwa siku moja na badiliko ambalo mwenye nyumba hakulihusisha na intaneti.

3. Ukaguzi wa ruta na nyaya

Iwapo hakuna kifaa chochote kinachopata intaneti, anza hapa.

Hakikisha kwanza kwamba ruta ina umeme. Angalia swichi ya soketi, adapta, na plagi ndogo inayoingia nyuma ya ruta; plagi hii hulegea kwa urahisi kifaa kinaposogezwa wakati wa usafi. Kisha fuata kila waya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kebo ya mtandao ikikaa sawasawa hutoa mlio mdogo wa kubana. Kebo iliyotafunwa na panya au kukanyagwa na mguu wa kitanda inaweza kuonekana nzima kwa nje ilhali nyuzi zake zimekatika ndani.

Soma pia taa za ruta. Taa ya umeme inapaswa kuwaka bila kukatika. Kwa wenye huduma ya faiba, kuna taa yenye herufi LOS; taa hiyo ikiwaka au kumweka kwa rangi nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga unaobeba huduma haukifikii kifaa chako. Sababu inaweza kuwa waya wa faiba uliokunjwa mno, uliokatika barabarani, au hitilafu kwenye kituo. Hakikisha kwamba waya haujakunjwa kwa nguvu ukutani, lakini usiuchomoe wala kuchungulia ncha yake, kwa kuwa mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru. Taa ya LOS ikibaki nyekundu, hitilafu hii ni ya mtoa huduma. Piga picha ya taa hizo na uende sehemu ya 6.

Kwa wenye ruta zinazotumia laini ya simu, kagua salio. Laini iliyomaliza kifurushi huendelea kuonesha mawimbi kamili, kwa kuwa mawimbi na kifurushi ni vitu viwili tofauti. Kompyuta itaeleza kuwa imeunganishwa, ilhali hakuna kinachofunguka. Kwa wanaolipa kwa mwezi, thibitisha tarehe ya mwisho wa malipo na uhakikishe kwamba namba ya akaunti uliyolipia ndiyo yako. Kosa la tarakimu moja hupeleka fedha kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Hatua inayofuata ni kuizima ruta na kuiwasha upya. Chomoa kutoka kwenye umeme, subiri sekunde 30, irudishe, kisha subiri dakika tatu kabla ya kujaribu tena. Hatua hii si uganga. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu yake. Ikikaa kwa wiki nyingi bila kuzimwa, au umeme ukiyumba, hushikilia taarifa zilizopitwa na wakati. Kuizima hufuta taarifa hizo na kuilazimisha kuomba muunganisho mpya kwa mtoa huduma.

Tunatoa onyo moja. Nyuma ya ruta nyingi kuna kitobo chembamba kinachobonyezwa kwa sindano ili kuirejesha katika hali ya kiwandani. Usikibonyeze. Kitobo hicho hufuta mipangilio yote, ikiwamo jina na nenosiri ambavyo mtoa huduma aliviingiza siku ya kukufungia huduma. Mtumiaji aliyekuwa na hitilafu ndogo hujikuta na mbili, na ya pili hawezi kuirekebisha bila msaada wa mtoa huduma.

4. Ukaguzi wa kiungo cha Wi-Fi

Iwapo simu inapata intaneti lakini kompyuta haipati, thibitisha kwanza kwamba Wi-Fi ya kompyuta imewashwa. Kompyuta mpakato nyingi zina kitufe chenye alama ya ndege au mnara mdogo, ambacho huzima mawasiliano yote kwa mguso mmoja. Mtoto aliyechezea kibodi anaweza kukibonyeza bila mtu yeyote kujua.

Hakikisha pia kwamba kompyuta imejiunga na mtandao wako, si wa jirani uliowahi kuutumia. Iwapo nenosiri lilibadilishwa, iagize kompyuta iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya. Zingatia herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa kwenye nenosiri hizo ni herufi tofauti.

Umbali nao una nafasi yake. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, yanayofika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini yanayochoka upesi. Ukuta wa zege, bati, kabati la chuma na tangi la maji hudhoofisha mawimbi yote mawili. Tanuri ya maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.4, hivyo inaweza kuvuruga mawimbi hayo chakula kinapopashwa moto.

Kipimo kisicho na shaka ni kebo. Iunganishe kompyuta moja kwa moja na ruta kwa kebo fupi. Intaneti ikipatikana, tatizo ni la Wi-Fi: sogeza ruta mahali pa wazi, juu ya kimo cha meza na karibu na katikati ya nyumba. Intaneti isipopatikana hata kwa kebo, ilhali simu inaipata, tatizo limo ndani ya kompyuta.

5. Ukaguzi wa kompyuta yenyewe

Zima kompyuta na uiwashe upya kabla ya jambo lingine lolote. Tatizo likibaki, kagua mambo manne yafuatayo kwa mpangilio tulioutoa.

5.1 Anwani ya kompyuta

Kila kifaa kinachojiunga na ruta hupewa anwani ya tarakimu, mfano wa namba ya nyumba mtaani. Kwenye kompyuta inayotumia Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Tafuta mstari wenye maneno IPv4 Address.

Anwani ikianza na 192.168 au 10, kwa kawaida kompyuta imekwisha kupokelewa na ruta. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo haijaifikia ruta sawasawa, hata kama alama ya Wi-Fi inaonekana kamili. Zima Wi-Fi ya kompyuta, iwashe tena, au badilisha kebo.

Katika dirisha hilohilo kuna mstari wenye maneno Default Gateway. Namba iliyo mbele yake ni anwani ya ruta yako. Andika neno ping, acha nafasi, kisha andika namba hiyo. Kompyuta itatuma ujumbe mfupi mara nne na kuripoti iwapo umejibiwa. Ruta ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Ruta ikijibu lakini seva ya nje isijibu, kwa kawaida tatizo liko baada ya ruta. Kwa majaribio haya mawili ya dakika moja, mtumiaji anaweza kujua kama tatizo liko ndani ya mlango wake au nje.

5.2 Majina ya tovuti

Inawezekana 8.8.8.8 ikajibu na bado tovuti zikakataa kufunguka. Sababu ni kwamba kompyuta huzitambua tovuti kwa tarakimu, ilhali sisi huziandika kwa majina. Kuna seva maalumu zenye kazi ya kugeuza jina kuwa tarakimu, kama daftari la namba za simu. Daftari hilo lisipopatikana, barabara ni nzima lakini hakuna anayejua nyumba iko wapi. Mtumiaji anaweza kuiagiza kompyuta, katika mipangilio ya mtandao, itumie daftari lingine la umma, kwa mfano 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Andika kwanza mipangilio ya awali kwenye karatasi ili uweze kuirudisha.

5.3 Tarehe na saa

Jambo hili ni dogo, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Tovuti salama hujitambulisha kwa kivinjari kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Saa hiyo ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, kila cheti huonekana hakijaanza kutumika, na kivinjari hukataa kufungua tovuti kwa kudai kwamba muunganisho si salama.

Tuchukulie mtumiaji mwenye kompyuta ya mezani iliyotumika miaka minane. Umeme umekatika usiku kucha. Asubuhi anaiwasha, na kila tovuti inakataliwa, ingawa simu yake inafungua vizuri kwa Wi-Fi hiyohiyo. Mtoa huduma anapima laini na kusema ni nzima, na anasema kweli. Fundi anapendekeza kufuta kila kitu na kusimika mfumo upya kwa malipo, jambo ambalo lingepoteza picha na nyaraka za familia. Mtumiaji anatazama pembe ya chini ya kioo na kuona tarehe ya mwaka 2012. Anarekebisha tarehe, na tovuti zote zinafunguka.

Chanzo cha hali hiyo kwa kawaida ni betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, iliyo ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kuitunza saa pale umeme unapokosekana. Kompyuta nyingi za mezani hutumia betri ya aina ya CR2032. Ikichoka, tarehe itarudi nyuma kila umeme unapokatika hadi betri ibadilishwe. Hiyo ni kazi ndogo, na mtumiaji anayejua jina lake hawezi kutozwa gharama ya kazi kubwa.

5.4 Programu zinazozuia njia

Mwisho, kagua programu za kuzuia virusi, programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine, na mipangilio ya proksi iliyoachwa na ofisi au chuo. Zima moja, jaribu, kisha irudishe kabla ya kuzima nyingine. Usiiache kompyuta bila ulinzi baada ya jaribio. Jaribu pia kivinjari cha pili. Kikifanya kazi, tatizo ni la kivinjari cha kwanza tu.

6. Hitilafu ikiwa nje ya nyumba yako

Kuna hitilafu ambazo hakuna mtumiaji anayeweza kuzirekebisha. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini inayofika Dar es Salaam, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania na nchi kadhaa za ukanda huu walikosa au kupungukiwa na intaneti kwa wakati mmoja. Siku ile ruta nyingi zilizimwa na kuwashwa mara nyingi bila faida, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye pingili ya nne, mbali kabisa na nyumba za watu.

Kwa hiyo, ukaguzi ukionesha kwamba tatizo liko nje, uliza jirani anayetumia mtoa huduma huyohuyo, kisha mwingine anayetumia mtoa huduma tofauti. Soma matangazo ya mtoa huduma wako kwenye kurasa zake rasmi kwa kutumia laini ya simu. Halafu toa taarifa kwenye kituo chake cha huduma kwa wateja, na usikate simu kabla ya kupewa namba ya kumbukumbu ya taarifa yako.

7. Daftari la hitilafu

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Huduma uliyoilipia ni mali. Tenga ukurasa mmoja wa daftari, na kila intaneti inapokatika andika mambo yafuatayo:

(a) tarehe na saa huduma ilipokatika na iliporejea;
(b) vifaa vilivyoathirika;
(c) hali ya taa za ruta;
(d) matokeo ya majaribio ya ping, kwa ruta na kwa seva ya nje;
(e) siku uliyotoa taarifa, namba ya kumbukumbu, na jibu ulilopewa.

Zingatia uandishi wa saa. Mitambo ya watoa huduma hurekodi saa kwa mtindo wa saa 24. Ukiandika saa 1:15 bila kusema ni asubuhi au usiku, anayesoma anaweza kutafuta kumbukumbu za saa nyingine kabisa na kukujibu kwamba hakukuwa na hitilafu. Andika hivi: saa 1:15 usiku, yaani 19:15.

Mfano wa maandishi yanayojitosheleza ni huu: "Jumanne, huduma ilikatika saa 1:15 usiku (19:15) na kurejea Jumatano saa 4:00 asubuhi (10:00). Simu na kompyuta zote zilikosa. Ruta ilijibu ping, 8.8.8.8 haikujibu. Ruta ilizimwa na kuwashwa mara moja. Taarifa ilitolewa siku hiyohiyo saa 2:00 usiku (20:00)." Mhudumu anayepokea maelezo haya hana sababu ya kukurudisha kwenye swali la kama kompyuta yako imewashwa.

8. Haki yako na utaratibu wa malalamiko

Mtumiaji ana haki ya kupata huduma kwa kiwango alichoahidiwa katika mkataba, kupewa taarifa sahihi, na kusikilizwa anapolalamika. Tunamshauri kila mtumiaji asome mkataba wake kabla ya siku ya tatizo, hasa vifungu vinavyohusu muda wa kurekebisha hitilafu, fidia au nyongeza ya siku, na umiliki wa ruta. Iwapo ruta ni mali ya mtoa huduma, fundi wa mtaani hapaswi kuifungua.

Lalamiko huanza kwa mtoa huduma. Liwasilishe kwa maandishi, ukiambatisha kumbukumbu za daftari lako, risiti za malipo na picha za taa za ruta, na useme wazi unachodai: matengenezo, kurejeshewa fedha, au kuongezewa siku ulizozikosa. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, una haki ya kulileta lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na nakala za mawasiliano yenu. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Aidha, Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya mwaka 2003 ilianzisha Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo unaweza kuliendea kwa elimu na ushauri.

Lalamiko huimarishwa na ushahidi. "Intaneti yangu ni mbovu" ni hisia. Tarehe, saa na matokeo ya majaribio ni hoja.

9. Tahadhari dhidi ya matapeli na hatari nyingine

Mtu mwenye shida ya mtandao ni rahisi kudanganywa. Jihadhari na anayekupigia simu bila wewe kuomba, akidai kuwa mfanyakazi wa kampuni ya mawasiliano, na kukutaka usimike programu itakayompa uwezo wa kuiendesha kompyuta yako kutoka mbali. Usimtajie mtu yeyote namba ya siri ya huduma za fedha wala namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yako. Kurekebisha intaneti hakuhitaji namba hizo. Namba ya simu ya tapeli iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040 na kufuata maelekezo.

Wakati wa radi, chomoa ruta na kompyuta kutoka kwenye umeme, kwa kuwa swichi peke yake haitoshi kuvilinda. Kamwe usifungue kifaa kilichounganishwa na umeme.

10. Maswali ya kujipima

Jaribu kujibu kabla ya kusoma majibu.

Swali la 1. Simu inafungua tovuti zote kwa Wi-Fi, data yake ikiwa imezimwa. Kompyuta inaonesha anwani inayoanza na 169.254. Hitilafu iko pingili gani?

Swali la 2. Hakuna kifaa kinachopata intaneti. Ruta inajibu ping, lakini 8.8.8.8 haijibu. Kifurushi hakijaisha. Je, umwite fundi wa kompyuta?

Swali la 3. Seva ya 8.8.8.8 inajibu, tarehe ni sahihi, lakini hakuna tovuti inayofunguka kwa jina. Utakagua nini?

Majibu. La 1: kompyuta haijapokewa na ruta, kagua pingili ya pili, yaani Wi-Fi au kebo, pamoja na mipangilio ya mtandao ya kompyuta. La 2: hapana, izime ruta na kuiwasha mara moja, na hali isipobadilika toa taarifa kwa mtoa huduma. La 3: seva za kugeuza majina kuwa tarakimu, kisha mipangilio ya proksi.

Hitimisho

Hatutarajii kila mtumiaji awe fundi, wala somo hili halikusudii kuchukua nafasi ya mafundi. Zipo hitilafu zinazohitaji ujuzi wao, kama vile kadi ya mtandao iliyoungua au mfumo ulioharibiwa na virusi. Lakini mtumiaji anayeweza kusema "ruta yangu inajibu, seva ya nje haijibu, na hali hii ilianza saa fulani" hulipia kazi inayohitajika tu, na humpa mtoa huduma taarifa isiyoweza kupuuzwa. Tunashauri ukurasa wa daftari tuliouelekeza uandaliwe leo, huduma ikiwa nzima, na uwekwe karibu na ruta pamoja na namba ya akaunti yako na namba ya huduma kwa wateja. Namba hizo ukizihifadhi kwenye barua pepe pekee, hutaweza kuzisoma siku utakayozihitaji.